Tulipotaka Kumrudisha Paka

Panya wa Iyula walikuwa hawana haya. Nasema hivyo mimi niliyekua nao nyumba moja, na sitaki mtu aniambie kwamba panya ni panya popote. Wa kwetu walitembea mchana. Walipita katikati ya nyumba mama akiwa anasonga ugali, wakasimama, wakamtazama kama mawifi waliokuja kukagua jiko, kisha wakaendelea na safari yao kwenda kwenye kihenge cha mbegu.

Nazungumzia miaka ile ya Mwingereza, kahawa ilipokuwa bado ngeni kwetu Mbozi na watu wakiipanda huku wakiitilia shaka. Baba alikuwa amepanda miche yake nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha migomba, akaitunza msimu mmoja, kisha akaenda zake ng'ambo ya mpaka kwenye migodi ya shaba, kama walivyofanya vijana wengi wa kwetu. Bibi, yaani mama yake baba, alimsindikiza kwa miguu mpaka Tunduma, akamwona akipanda lori, akarudi kimya. Baada ya hapo kila alipotajwa baba, bibi alisema neno lilelile: kwamba mwanawe alimkabidhi kwa watu wa lori akiwa mzima, na masharubu yake usoni. Baba alikuwa na masharubu mazito kama ya marehemu babu, na bibi aliyaringia kuliko mwenyewe.

Tukabaki nyumbani wanawake watupu: bibi, mama na mimi. Mimi nilikuwa nimefika umri wa kubeba mtungi kutoka mtoni lakini sijafika umri wa kuulizwa maoni, jambo ambalo halikunizuia kuyatoa.

Mwaka ninaousema, mvua zilikuwa zimetupunja. Tulivuna ulezi kidogo, na mama alichagua masuke mazuri, akayaweka ya mbegu kwenye kihenge kidogo cha mianzi kilichokuwa ndani ya nyumba, karibu na jiko, ili moshi uyapitie. Ungeweza kuuliza kwa nini hakuyafungia chunguni, panya wakakosa pa kupita. Nilimuuliza. Akasema mbegu ikifungiwa chunguni inapata ukungu, ukiipanda inakataa kuota, na kama nina maswali mengine niende nayo mtoni nikarudi na maji.

Kihenge kile ndicho kilichokuwa kimeshika maisha yetu. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja akatuambia, tena kwa wema kabisa, kwamba mbegu ikiisha tusihangaike: tuhamie kwake kule juu mlimani, tulime shamba lake na kula chungu chake mpaka mdogo wake arudi. Mama alimshukuru, akamwandalia chakula, akamsindikiza hadi njiani. Alipoingia ndani aliketi chini kama mtu aliyebebeshwa gogo. Kuhama kulikuwa na maana ya kuiacha miche ya kahawa ikauke, na nyumba ianguke, na baba akirudi amkute mkewe mgeni kwenye jiko la mwanamke mwingine. Mama hakutaka. Hakuwa mtu wa kusema sana, lakini hilo alilisema wazi, na alilisema akiwa amekishika kihenge kwa mikono miwili.

Panya walikuwa wameshakitoboa upande wa chini. Mama alikiziba kwa udongo na samadi, wakatoboa juu. Akaziba juu, wakarudi chini. Ndipo tulipoamua kutafuta paka.

Paka hakuwa kitu cha kuokota kwetu. Paka mzuri, wa mama anayejulikana, aliombwa kwa heshima. Mama alikuwa na dada yake mkubwa, mama mkubwa wangu, aliyeolewa upande wa pili wa bonde, mwendo wa asubuhi kufika mchana, na paka wa mama mkubwa walisifika. Tulimpelekea kuku. Kuku huyo hakuitwa malipo, maana paka hauzwi. Aliitwa salamu ya mama wa paka. Mama mkubwa alimpokea kuku bila kumtazama sana, ndivyo ilivyotakiwa, akatupatia paka jike wa rangi ya majivu, kifua cheupe, ambaye bado alikuwa mdogo lakini alishajua kazi. Siku ileile tuliyomchukua tulimwona kwa macho yetu akishuka kutoka darini na panya mdomoni. Tukamtia kwenye kikapu chenye kifuniko, mama akakifunika kwa nguo yake, tukarudi kwa njia ya kuzunguka ili paka asiikariri. Alilia njia nzima. Na mimi nililia kidogo, kwa furaha, maana sikuwahi kuwa na kitu kilichokuwa na macho ya namna ile.

Nyumbani bibi alikuwa anatungoja na wembe.

Bibi hakuwa mtu wa Iyula. Alizaliwa Mbebe, huko Ileje, akaletwa kwetu akiwa mwali, na kwa muda wote aliokaa kwetu alikuwa anaamini kwamba watu wa Mbozi ni wema lakini kuna mambo hawakufundishwa. Upande wa mama, paka mgeni alizungushwa jikoni, akaonyeshwa mafiga, yakaisha. Bibi akasema hiyo ni nusu ya kazi. Kwao, alisema, paka mgeni hunyolewa masharubu, kwa sababu masharubu ndiyo yanayomkumbusha njia ya kurudi alikotoka. Yakinyolewa, yakachomwa, na majivu yake yakafukiwa chini ya figa, paka anakuwa wa nyumba ile hata umfukuze.

Mama aliinua uso, midomo yake ikafunguka. Nilimwona. Kisha akakumbuka yeye ni nani na yule ni nani, akainamisha kichwa. Siku zile mke hakumkosoa mama mkwe wake, na mama aliishika adabu hiyo kuliko wengine wote wa pale kwetu. Akamshika paka miguu. Bibi akamnyoa kwa uangalifu wote, kwa wembe uleule alionyolea vichwa vyetu, huku akimbembeleza kwa Kindali, lugha ya kwao, na kumwahidi maisha marefu. Hakumkwaruza hata kidogo. Sijaona mtu akifanya kosa kwa upole kiasi kile.

Kuanzia hapo tulikuwa na paka asiyejua alipo. Alijigonga kwenye mtungi. Alisimama mbele ya uwazi wa mlango wa jikoni, akausogelea, akarudi nyuma, akausogelea tena, kama hajui kama mwili wake utapita. Nilipompa ugali wenye mchuzi wa dagaa alizamisha pua nzima kwenye mchuzi, akapiga chafya, akanitazama kwa aibu. Panya walimwogopa mwanzoni. Walikaa wakimchungulia. Halafu mmoja wao, shujaa wao, akapita mbele yake karibu kabisa. Paka akaruka, akatua pembeni, akashika hewa. Panya hata hakukimbia. Nadhani alienda kuwaambia wenzake, maana tangu siku hiyo walirudia njia zao zote.

"Huyu si paka," bibi akasema. "Huyu ni mgeni. Anakula na kulala."

Mimi nilimtetea. Nilisema amechoka, nikasema anaomboleza mama yake, nikasema mengi. Bibi aliniambia kama ninampenda sana nikakamate panya mimi kwa niaba yake. Kila asubuhi mama alikuwa anaingiza mkono kwenye kihenge, anapima masuke kwa kiganja, anautoa mkono taratibu.

Ndipo habari zikatufikia kwamba ndugu yake huyu paka wetu, dume wa uzao uleule, alikuwa amesafisha ghala zima la mama mkubwa, na kwamba mfanyabiashara mmoja wa Tunduma alikuwa amemwomba, naye angepita kumchukua siku ya mnada. Bibi akapiga makofi. "Basi rudisheni huyu mvivu, mlete yule kabla hajachukuliwa. Mtu akikupa jembe lenye mpini uliooza, si unarudisha?"

Mama alisema, "Ndiyo, mama." Nililia tena, safari hii si kwa furaha, na nilipiga teke figa nikaumia kidole. Kesho yake tukamtia paka kwenye kikapu. Hakupinga kama mara ya kwanza. Aliingia mwenyewe, akajikunja, na hilo liliniuma kuliko kama angenikwaruza.

Mama mkubwa alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti iliyofika kabla yake. Alitupokea kwa kelele, tukasalimiana salamu zote za kwetu, za nyumbani na za shambani na za aliye mgodini, akatupatia togwa. Ndipo mama alipokisogeza kikapu mbele, akasema kwa sauti ndogo kwamba amekuja na ombi baya.

"Ameshindwa kazi," mama akasema. "Dada, nisamehe. Mbegu inaisha. Nilitaka kukuomba yule dume badala yake."

Mama mkubwa hakukasirika. Alifungua kifuniko, akamtoa paka, akampakata. Akampitishia kidole shavuni, huku na huku. Kidole kikasimama.

"Nani kamnyoa?"

Mama akatazama togwa yake. Nilijua hatajibu. Asingemtaja mama mkwe wake kwa ubaya hata kwa dada yake wa tumbo moja, hata kama angekatwa kidole. Basi nikajibu mimi.

"Bibi. Kwao ndivyo wanavyofanya."

Mama alinifinya paja kwa nguvu ambayo ninaikumbuka hadi leo. Mama mkubwa alicheka, kisha akaacha kucheka, akamwinua paka usawa wa uso wake.

"Masikini," akamwambia paka. Kisha akamgeukia mama. "Mdogo wangu, paka anapima kwa haya masharubu. Shimo analipima kwa haya. Panya akifika karibu na mdomo, paka hamwoni kwa macho, anamsikia kwa haya. Mmemfumba, halafu mnasema hajui njia."

Mama akasema hakujua.

"Najua hukujua. Na huyo mama yako mkwe naye hakujua, alitaka paka akae. Sina ugomvi na mtu." Akamweka paka chini. Mama yake paka, paka mkubwa mwenye sikio lililokatika, alikuja, akamnusa binti yake, akamfokea. Binti akarudi nyuma akajigonga kwenye mguu wa kigoda. "Umeona. Hapa naye si kwao tena. Wakubwa watamfukuza, atalala nje. Lakini sikukatalii. Kurudisha si vibaya. Kuna nyumba na paka hawapatani, basi. Dume yule pale, mchukue leo ukitaka, yule wa Tunduma nitamwambia nimeshampa ndugu yangu. Ila ukinirudishia kitu, mimi hupenda kinirudie kama nilivyokitoa. Huyu ningempokea bila neno kama angekuwa na masharubu yake. Hivi alivyo, ni wewe utakayeamua."

Dume alikuwa amelala juani kwenye mlango wa ghala, mkia wake ukicheza wenyewe. Alikuwa mzuri. Siwezi kusema uongo, hata mimi nilimtazama kwa tamaa. Nilifikiria kihenge, nikafikiria nyumba ya baba mkubwa kule juu, mahali ambapo ningelala na binamu zangu waliokuwa wananiita kijiti. Nikamtazama paka wetu, amejificha nyuma ya kikapu alichotoka kana kwamba ndicho nyumba yake pekee duniani. Sikujua ninataka nini.

Mama hakuigusa togwa yake. Alimtazama dume, akamtazama jike. Alipozungumza alizungumza kama mtu anayejihesabia mwenyewe.

"Nikimchukua huyu dume, nikifika naye, mama atamnyoa."

"Atamnyoa," mama mkubwa akakubali.

"Ili asimnyoe, lazima nimwambie."

"Lazima."

"Na kama nitapata mdomo wa kumwambia amwache dume na masharubu yake," mama akasema, "mdomo huohuo si utatosha kumwambia tumwache jike aote yake?"

Mama mkubwa alichukua kata akamwongezea mdogo wake togwa.

Nimekuwa nikilifikiria neno lile la mama maisha yangu yote. Watu wa siku hizi, hata hapa Chapwa ninapoishi sasa, huchukua paka wiki hii na kumrudisha wiki ijayo, na wakijua nina paka huniuliza kama wamefanya dhambi. Siwaambii ni dhambi. Wengine wana watoto wanaokohoa, wengine wana mbwa mkali, na paka asiyetakiwa ni heri apelekwe panapotakiwa. Ninachowauliza ni nini walimfanyia kabla hajawashinda. Hapo wengi hunyamaza, na wachache hukasirika, nami hasira zao hazinisumbui.

Njia nzima ya kurudi mama alikuwa anatembea mbele na kikapu kichwani, na midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anajaribu maneno. Nilimsikia akianza, "Mama, usikasirike," akaacha. Akaanza, "Mama, dada anakusalimu sana," akaacha. Tulipofika mtoni aliteremsha kikapu, akanawa uso, akaniambia leo nisiseme neno hata moja, hata nikiulizwa jina langu. Nilitii, na hiyo peke yake iwaonyeshe uzito wa siku ile.

Bibi alikuwa uani anaanika maganda ya maharage. Alisikia sauti ya paka, akainuka kwa furaha. "Mmempata dume?"

Mama alipiga magoti. Aliweka kikapu kati yao, akafungua. Paka jike akatokeza kichwa.

"Mama," mama akasema, akaacha, akaanza tena. "Mama, dada hakukataa. Amesema kitu kikirudishwa kirudi kama kilivyotolewa. Amesema tumngoje paka aote masharubu yake, ndiyo anayopimia. Akiota na bado akashindwa, tumrudishe. Nami nimeona ni haki, mama. Nimeona tumngoje."

Kuku walikuwa wanaparua. Mama hakuinua uso. Nilijua kwamba bibi angeweza kusema jambo moja tu na mama asingefungua mdomo tena mbele yake mpaka mmoja wao afe.

"Kirudi kama kilivyotolewa," bibi akasema.

Alisema polepole. Aliketi kwenye kigoda, akatazama upande wa njia inayoshuka kwenda Tunduma, ile aliyomsindikiza nayo baba.

"Mimi nilimtoa mwanangu mzima," akasema. "Na masharubu yake."

Kisha akainama, akamchukua paka, akamweka mapajani, akamgeuza uso. Akapitisha kidole shavuni kama alivyofanya mama mkubwa. Vishina vilikuwa vimeanza, vifupi na vigumu. Akavigusa, akavigusa tena.

"Kwetu walikuwa wanafanya hivi," akasema, na hakuwa anatuambia sisi. "Kwetu panya hawakuwa wengi, ndiyo maana hatukujua." Kisha akainuka, na sauti yake ya kila siku ikarudi. "Haya, mkwe wangu, simama, utachafua nguo. Kihenge nitakilinda mimi. Nileteeni fimbo yangu."

Hivyo ndivyo bibi alivyokuwa paka. Sina namna nyingine ya kulieleza. Kazi ya paka aliichukua yeye. Alivuta kigoda chake akakiweka karibu na kihenge, akaketi na fimbo mapajani, na hapo ndipo alipokula, ndipo alipomenya maharage, ndipo alipopokea wageni. Akitaka kwenda nje alinikabidhi fimbo mimi, na akirudi aliniuliza habari kama askari anayebadilishana zamu. Kulala alilala hapohapo, kihenge kikiwa upande wa kichwa chake. Panya walijaribu. Bibi alikuwa mzee lakini mkono wake ulikuwa umetwanga nafaka maisha mazima, na fimbo ilipotua ilitua. Baba mkubwa alipokuja kutujulia hali akamkuta mama yake amekodolea macho tundu la ukutani, akauliza kama anaumwa. Bibi akamwambia ashushe sauti.

Paka naye alikaa miguuni pake. Sijui kwa nini alimchagua bibi, aliyemnyoa, akaniacha mimi niliyemlilia. Nilisikia wivu, nami nausema. Lakini ilikuwa vizuri kuwatazama, wazee wawili, maana paka yule alikaa kizee, wakingoja pamoja. Kila asubuhi bibi alimshika kidevu na kumgeuzia kwenye mwanga wa mlango. "Yameongezeka," alikuwa anatangaza. Mama, akiwa jikoni, alijibu, "Tumshukuru Mungu," na safari moja nikasikia anacheka chini kwa chini.

Mawingu yalipoanza kujikusanya upande wa milimani, masharubu yalikuwa yamejaa, meupe, marefu kuliko ya kwanza. Nilikuwa nafagia. Bibi alikuwa amesinzia kwenye kigoda, fimbo imelala. Panya akatoka kwenye tundu lake, mnene, yule shujaa wao nina hakika, akapita mbele ya miguu ya bibi bila haraka. Sikuona paka akiruka. Niliona tu yuko upande mwingine, na panya yuko mdomoni. Alimbeba, akamweka kwenye kidole gumba cha mguu wa bibi, akaketi.

Bibi aliamka, akapiga ukelele uliomleta mama mbio na mwiko mkononi. Kisha akaelewa. Alimtazama panya, akamtazama paka, akaninyooshea mimi fimbo.

"Chukua," akasema. "Nimestaafu."

Mbegu iliyobaki haikuwa nyingi, lakini ilitosha shamba la mama. Tulichoma majani yaliyokauka, na mvua ziliponyesha tukamwaga ulezi, sote watatu, bibi akiimba. Hatukuhama. Baba mkubwa alituletea mbolea ya ng'ombe kwa ajili ya miche ya kahawa, nadhani kwa sababu alifurahi kwamba hatukuhama. Mkewe naye alifurahi zaidi.

Baba alirudi ulezi ukiwa umeshika masuke. Nilimwona mimi kwanza, akiwa njiani na sanduku la bati kichwani, nikapiga mayowe. Mama alisimama mlangoni. Bibi ndiye aliyekwenda. Alimteremsha sanduku, akamshika mikono, akaigeuza, akahesabu vidole vyake bila kuona aibu mbele ya watu. Alimgusa mabega. Alimwinamisha akamsikiliza kifua kama kina kikohozi cha mgodini. Halafu akafika usoni, akasimama.

Baba alikuwa amenyoa. Mdomo wa juu ulikuwa mweupe, mtupu, kama wa mtoto. Alisema huko ng'ambo ndivyo vijana walivyokuwa wanafanya.

Bibi akageuka kututazama. Hofu ilikuwa usoni pake, na kicheko kilikuwa kinakuja nyuma ya hofu, na hakujua kipi kitatangulia.

"Wamemnyoa," akasema.

Ndipo mama, yuleyule aliyekuwa hawezi kuinua uso mbele ya mama mkwe wake, akajibu kutoka mlangoni, kwa sauti iliyosikika hadi kwa jirani:

"Yataota, mama! Tumngoje!"

Bibi alicheka mpaka akakaa chini njiani. Mama alicheka, mimi nilicheka, na baba alisimama katikati yetu akiwa hajui kitu, akijishika mdomo. Bibi alipopata pumzi aliniambia nikamletee kigoda chake na fimbo yake. Nikavileta. Aliviweka mlangoni, akamwingiza mwanawe ndani, akaketi, fimbo mapajani, paka miguuni.

"Mpaka yaote," akasema, "huyu hatoki hapa."

Yaliota kabla ya mavuno. Lakini wakati huo kahawa nayo ilikuwa imeanza kuchanua nyuma ya nyumba, na baba hakurudi tena ng'ambo.